Nguo za Kiganja Kimoja

Kwa miaka arobaini na minne mzee huyu alishona maturubai ya malori, hata watu wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Turubai. Mkewe naye alimwita Turubai akiwa amekasirika. Akiwa hajakasirika alimwita Baba. Karakana aliyofanyia kazi ilikuwa banda refu la mabati lenye harufu ya nta na mpira, na humo yeye ndiye aliyeachiwa pembe na mikunjo, pale ambapo maji ya mvua hupenda kupenya. Madereva walisema turubai lililopita mikononi mwake unaweza kulijaza maji ukaogelea. Walipiga chuku, lakini si sana.

Watoto wake watatu walizaliwa ndani ya miaka hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeshonewa na baba yake japo leso. Alikuwa akirudi nyumbani vidole vimekufa ganzi, anakula, analala. Nguo za watoto zilinunuliwa na mama yao, na yeye aliziona zikiwa zimeanikwa kwenye kamba, basi. Jambo hilo hakuwahi kulifikiria mpaka alipostaafu.

Alistaafu kwa sababu ya magoti. Turubai la lori haliwekwi mezani. Hutandazwa sakafuni na fundi hulizunguka kwa kupiga magoti, na magoti ya Turubai yalikuwa yamezunguka ya kutosha. Akaja kukaa nyumbani. Wiki ya kwanza alitengeneza kila kilichoharibika. Wiki ya pili alitengeneza vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Wiki ya tatu alianza kumweleza mkewe namna nzuri ya kupanga sufuria, na mkewe akamjibu, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele, kwamba jiko lile lilikuwa na fundi wake tayari.

Ndipo binti yao mkubwa alipokuja na habari. Alikuwa mwalimu wa hesabu, umri wake miaka thelathini na minane, na ndoa yake ilikuwa imeingia mwaka wa kumi na moja bila mtoto. Nyumbani kwao jambo hilo walilipita kando kwa adabu, kama mtu anavyolipita shimo analolijua. Siku hiyo aliingia, akavua viatu, akaketi, akasema ana mimba ya miezi minne na daktari ameridhika nayo. Mama yake alisimama, akakaa, akasimama tena. Turubai alitoka uani akakawia huko, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi. Nje hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

Kesho yake akafungua sanduku lake la zana. Alikuwa na vipande vya turubai laini la kijivu, vile vya kushonea vifuniko vya viti, na alivichagua kwa makini akiamini anamchagulia mjukuu wake kilicho bora. Akakata kikoti. Akakishona kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, mishono miwili miwili, na kazi hiyo ikamchukua siku mbili. Alipomaliza akakiweka mezani, kikasimama chenyewe.

Mkewe alikizunguka. Akakigonga kwa kidole kama mtu anayebisha hodi.

“Baba,” alimwuliza, “huyu mtoto anazaliwa au anasafirishwa?”

Wakacheka wote wawili mpaka mbavu zikauma. Lakini baadaye mama aliona kwamba mzee wake hakukitupa kile kikoti. Alikikunja kwa nguvu za mikono yote miwili akakisukuma chini ya kitanda, na jioni nzima alikaa kama mtu aliyefukuzwa kazi kwa mara ya pili. Mama alikwenda kwa rafiki yake, nyumba ya tatu kutoka kwao, akamwomba amfundishe mzee kushona vitu laini.

Rafiki huyo alikuwa mdarizi. Mwanamke mwembamba, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi, aliyekuwa amedarizi mashuka na mapazia ya watu kwa muda mrefu hata mtaa mzima ukawa unalala juu ya maua yake. Kila Jumanne na Ijumaa baada ya chakula cha mchana, sebule yake ilijaa wanawake wanne watano waliokuja kujifunza. Kwa kuwa alikuwa rafiki wa mkewe, alimwita Turubai shemeji, na yeye akamwita vivyo hivyo. Siku ya kwanza alimwambia aoneshe mikono. Akaigeuza huku na huku, akaminya sugu za viganjani.

“Mikono si mibaya,” alisema. “Ila imezoea ugomvi. Hapa hakuna anayekupiga, shemeji. Legeza.”

Kulegeza ndiko kulikomshinda. Sindano ya kudarizi alipoishika hakuihisi, akaona kama ameshika unywele. Kitambaa kilichotandikwa kwenye fremu ya mviringo alikivuta mpaka kikajikunja kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Uzi ulikatika, akafunga fundo. Ukakatika tena, akafunga fundo juu ya fundo. Alijichoma hata akaanza kuvaa kastabani, kile kikofia cha chuma cha kidoleni, ingawa huko karakana alikuwa akiwacheka waliovaa. Wanawake wale walimcheka kwa wiki mbili. Wiki ya tatu wakamzoea, na walipokwisha kumzoea wakawa wanawazungumza waume zao mbele yake kama vile yeye ni kiti. Turubai alijua siri nyingi za wanaume wa mtaa ule kupitia kazi ya darizi, na zote alizinyamazia.

Mwezi wa pili mkono ulianza kutii. Mshono wa mnyororo ulikwenda sawa, na ule wa kujaza ukawa unajaza. Mdarizi akamwambia sasa achague anachotaka kukiweka kwenye blanketi la mtoto. Akachagua jogoo. Alimchora kwa chaki, akamjaza kwa uzi mwekundu na wa kahawia siku nne mfululizo, akamleta Ijumaa akiwa na furaha yake.

Mdarizi aliteremsha miwani puani. “Hili birika zuri,” alisema.

Sebule nzima ikatulia kungoja. Turubai aliitazama kazi yake, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Mkia ulikuwa mpini kabisa, na mdomo ulikuwa mdomo wa birika. Akasema, “Ndiyo, ni birika,” akaomba uzi mweupe, akaongeza mvuke juu yake.

Kuanzia hapo hakujisumbua tena na wanyama. Alidarizi vitu vya nyumbani kwake, vitu alivyokuwa amevitazama miaka nenda rudi: kikombe kilichomeguka ukingo, ufunguo, kigoda cha jikoni, kijiko, mwavuli wa mkewe. Kila kimoja alikipanga pembeni mwa blanketi la flaneli la rangi ya maziwa, kwa nafasi sawa, maana nafasi sawa alizijua. Binti yake alipokuja kutembea alilikuta blanketi juu ya kochi. Alipitisha kidole juu ya birika, juu ya kikombe. Alimwuliza baba yake kama atamaliza kwa wakati. Turubai akamwambia asiwe na wasiwasi, bado wana miezi miwili na ushei.

Hawakuwa nayo. Ijumaa iliyofuata, saa nane mchana, Turubai akidarizi mpini wa mwavuli, mkewe aliingia sebuleni kwa mdarizi bila kubisha hodi. Binti yao alikuwa ameshikwa na uchungu darasani, mbele ya ubao, wiki tisa kabla ya siku yake. Mumewe alikuwa amempigia simu mama mkwe kutoka hospitali na kusema maneno mawili tu, kwa kuwa hata siku za kawaida hakuwa mtu wa maneno mengi: “Mje, mama.”

Walipofika mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa. Wa kike, kilo moja na robo. Mama yake hakuwa na hatari. Mtoto alikuwa amepelekwa kwenye chumba cha joto, na humo waliruhusiwa baba na mama tu. Mababu na mabibi walitazama kupitia dirisha la kioo lililokuwa ukutani, upande wa korido.

Turubai akatazama. Kulikuwa na visanduku saba vya kioo, na kila kimoja kilikuwa na mtu wake. Mjukuu wake alikuwa kwenye cha tatu. Kichwa kilikuwa sawa na chungwa dogo, na mipira miembamba iliingia puani na kutoka mkononi. Alikuwa amevishwa fulana ya mtoto wa kawaida, ile ndogo kuliko zote madukani, ikakunjwa mara tatu na kubanwa kwa plasta, na bado alipotea ndani yake. Mzee alifikiria turubai la lori lililofunika baiskeli. Mkewe alikuwa akilia kwa sauti ndogo pembeni yake, naye Turubai akamshika bega. Lakini macho yake hayakutoka kwenye ile fulana. Labda mtu mwingine angemwona hana moyo, kutazama nguo wakati kama ule. Ukweli ni kwamba kumtazama mtoto alishindwa, na nguo alikuwa anaiweza.

Muuguzi alipotoka, mwanamke mnene wa makamo aliyetembea kimya kwa viatu vya mpira, Turubai alimsogelea akamwuliza nani anawashonea wale watoto. Muuguzi akasema hakuna. Wanaoshona nguo za watoto huwashonea waliotimiza miezi yao. Hawa waliowahi huvishwa kinachopatikana, kinakunjwa, kinabanwa, na kumbadilisha mmoja mwenye mipira ni kazi ya watu wawili.

“Niambie inatakiwa iweje,” Turubai alisema. “Mimi ni fundi.”

“Fundi wa nini, mzee wangu?”

“Wa maturubai.”

Muuguzi aliwahi kusimulia baadaye kwamba angecheka, ila aliona kastabani kidoleni kwa mzee. Turubai alikuwa ametoka nayo kwa mdarizi na hakujua bado ameivaa. Basi muuguzi hakucheka. Akamweleza. Nguo ifunguke mbele yote, na mabegani pia, ili mtoto alazwe juu yake na kufunikwa bila kuinuliwa mikono. Isiwe na kifungo wala chuma. Iwe na vikamba vya kufunga kwa nje. Mishono yote iwe nje, kwa kuwa ngozi ya mtoto huyu ni kama ngozi ya kitunguu na mshono wa ndani utamchubua. Kitambaa kiwe laini, kichemshwe, kipigwe pasi.

“Na darizi?” aliuliza mzee.

“Darizi hapana. Nyuzi za nyuma zitamkwaruza.”

Akaitikia kwa kichwa. Akaomba vipimo, na muuguzi akasema watoto wale hawapimwi kwa futi ya fundi. Alifikiri kidogo, akanawa, akaingia ndani, akaweka mkono wake sambamba na mtoto bila kumgusa, kutoka shingoni hadi kiunoni. Akatoka akiwa ameshika alama kwa kidole gumba, akaulaza mkono wake juu ya kiganja cha Turubai. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati.

“Kiganja kimoja,” alisema. “Chako lakini. Changu hakitoshi.”

Nyumbani hapakuwa na kitambaa laini kiasi hicho. Flaneli mpya ilikuwa na manyoya, pamba mpya ilikuwa ngumu. Mkewe aliingia chumbani akarudi na shuka lake jeupe, aliloletewa zamani na dada yake, lililofuliwa miaka kumi na mitano mpaka likawa jepesi kama pumzi. Lilikuwa shuka alilolipenda na hakumruhusu mtu kulitandika ovyo. Alilikabidhi bila hotuba. Turubai akalitandaza mezani, akaweka kiganja chake juu, akakizungushia penseli.

Hapo ndipo karakana ilipomsaidia. Kuna mshono wa maturubai ambao kingo mbili hukunjwa zikaingiana, kama viganja viwili vinavyoshikana, kisha hushonwa zote pamoja. Hakuna ukingo unaobaki wazi, si ndani wala nje. Huwekwa pale ambapo maji hayatakiwi kupenya. Aliushona mshono huo huo kwa sindano ya darizi na uzi mmoja wa pamba, kwa hatua ndogo kama mbegu za nyanya, upande wa ndani ukiwa laini usioshikika. Mara mbili alikaza mno, akafumua. Mkono ulipotaka ugomvi, alimsikia mdarizi masikioni mwake, akalegeza. Jumamosi alasiri kinguo cha kwanza kilikuwa tayari, na mama alikichemsha, akakianika, akakipiga pasi kwa ncha ya pasi, maana pasi nzima ilikuwa kubwa kuliko nguo.

Jumapili walikipeleka kwenye mfuko safi. Binti yao alikuwa amelala wodini, uso ukutani. Mumewe alikaa kitandani miguuni pake. Aliwanong'oneza kwamba mkewe ameingia chumba cha joto mara moja tu, akasimama, akatoka, na hajatia mkono wake kwenye kisanduku. Mama akasema wamemletea mtoto nguo, babu yake ameishona. Binti aligeuka bila kuutazama mfuko.

“Usishone tena, baba,” alisema. “Kama hatabaki, hizo nguo nitaziweka wapi?”

Turubai alivuta kiti, akaketi polepole kwa sababu ya magoti, uso wake ukawa sawa na wa bintiye.

“Mwanangu, mimi sishoni ya mwakani. Nashona ya kesho. Kesho mtoto atavaa nini?”

Binti alimtazama. Hakusema tena asishone, na mfuko alikabidhiwa muuguzi.

Jumatatu asubuhi yule muuguzi alifika kitandani kwa binti, mikono kiunoni. Akasema, “Mwalimu, leo mimi nina kazi nyingi. Nguo ya mwanao ni ya mtu mmoja, haihitaji wawili. Njoo umvishe.” Aliondoka bila kungoja jibu, na mtu ambaye kazi yake ni kuwaamuru watoto arobaini darasani akajikuta ameteremka kitandani na kumfuata.

Turubai na mkewe walikuwa kwenye kioo cha korido. Walimwona akinawa mpaka viwiko. Walimwona akipitisha mikono kwenye matundu mawili ya kisanduku, na muuguzi akijifanya anaandika kitu mbali kidogo. Kinguo kililala wazi kama barua iliyofunguliwa. Binti alimtelezesha mtoto juu yake, akafunika upande huu, akafunika upande ule, akapitisha mpira pale begani palipoachwa nafasi yake. Akafunga kikamba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mtoto akapiga mwayo, na kinywa chote hakikuzidi tundu la kifungo.

Binti aligeuka kwenye kioo. Sauti haikupenya, lakini midomo waliisoma wote wawili.

“Imemtosha,” alisema.

Siku ile Turubai ndiye aliyelia, na hakulitaja vumbi.

Toka hapo alipeleka kinguo kimoja kila siku, na binti alikuwa akikingoja. Alianza kumpa baba yake maagizo kama mkaguzi: shingo ilegezwe kidogo, vikamba virefushwe, kofia aliyoiongeza inamshuka mtoto machoni. Muuguzi alileta tatizo jingine. Wazazi wa visanduku vingine walikuwa wameomba, Turubai akawa anashonea wote saba, na sasa dobi wa hospitali alizichanganya. Nguo zote zilikuwa nyeupe na zote za kiganja. Akauliza kama mzee anaweza kuziwekea alama ndogo, kwenye upindo wa nje, mahali pasipogusa ngozi. Turubai alijaribu kuficha furaha yake na hakufaulu. Kisanduku cha kwanza kilipata ufunguo, cha pili kikapata kijiko, na mjukuu wake akapata mwavuli. Wauguzi wakaacha kutaja namba. Wakawa wanaulizana kama Kijiko amekunywa, kama Ufunguo ameongeza uzito. Baba mmoja alikwenda kulalamika kwamba mwanawe ameitwa Birika, lakini alipoonyeshwa birika lenyewe, na mvuke wake, aliomba apewe kinguo kimoja cha ziada akaweke nyumbani.

Si wote waliofika nyumbani. Mtoto wa kigoda alikaa siku kumi na mbili. Mama yake alimwomba muuguzi amwambie yule mzee kwamba alizikwa amevaa nguo iliyomwenea, si ya kukunjwa. Turubai alipoambiwa hakushona siku hiyo. Alikaa barazani na mkewe akakaa naye, na kesho yake akaendelea.

Mwavuli alitoka hospitali baada ya wiki sita, ana kilo mbili na gramu zake. Babu alikuja na blanketi la rangi ya maziwa, limekamilika kila pembe, na mjukuu akafungwa ndani yake mpaka ikabaki pua. Mdarizi na wanafunzi wake walikuja kumwona, wakalikagua blanketi upande wa nyuma kwanza, kama wafanyavyo wanaojua kazi, wakakuta mafundo mawili tu. Mdarizi alisema shemeji amefuzu. Kisha akasema kuna mafundo mawili.

Kazi ya hospitali haikuisha. Muuguzi alikuwa akituma ujumbe kila Jumatatu wa kusema wamo wangapi na wana uzito gani, na Alhamisi mzee alipeleka mzigo wake. Mashuka ya mama yaliisha, yakaja ya majirani. Watu walitoa yaliyochakaa kwanza, wakaelezwa kwamba yaliyochakaa ndiyo hasa yanayotakiwa, wakafurahi. Binti aliporudi kufundisha, Mwavuli akawa anashinda kwa bibi yake. Alikuwa na miezi kumi, ana meno mawili, na hakuna kitambaa alichokiona asitake kukila.

Mchana mmoja kijana wa miaka kama thelathini alisimama mlangoni. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mikono yake imejaa alama za cheche. Alisema mkewe amejifungua pacha juzi, wamewahi sana, wako chumba cha joto, na muuguzi amemtuma kwa mzee kuchukua nguo mbili. Turubai alimpa mfuko. Kijana akaupokea, akashukuru, akabaki amesimama.

“Mzee, samahani,” alisema. “Kule nikishawaona wananiambia nikae korido ningoje. Siwezi kungoja tu. Nikuombe, nishone moja mimi?”

Turubai alimtazama mikono. “Umewahi kushona?”

“Nimeunga mageti.”

“Basi kuunga unajua. Ingia, mwanangu. Kanawe kwanza.”

Akamkalisha kwenye kigoda karibu na dirisha, akampa sindano. Kijana alikosa tundu mara sita, jasho likamtoka puani, na Turubai hakumsaidia, alimwambia tu apumue. Alipopata, Turubai akamwonyesha kukunja kingo mbili ziingiane, na kijana akasema kwa mshangao kwamba hata yeye kwenye mabati huwa anakunja hivyo hivyo. Wakaanza kuzungumza habari za kuunga, bati na nguo, na taratibu mabega ya kijana yakashuka. Mishono yake ya kwanza ilikwenda kombo. Bibi alipita na Mwavuli mgongoni, akachungulia, akasema za Baba mwanzoni zilikuwa mbaya zaidi, zilikuwa zinasimama zenyewe. Akawaletea chai. Kijana alisahau kuinywa.

Jua lilipoteremka alikuwa amemaliza bega moja. Aliliinua kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama, akalilaza gotini kwa uangalifu. Akauliza kesho aje saa ngapi.

“Pitia hospitali kwanza,” Turubai alimwambia. “Uje uniambie wameamkaje. Halafu tutashona bega la pili.”